Enduru ya Uwanja wa Nshamba

Siku yangu ya kwanza kushika kipenga, nilikipuliza kikakataa kulia. Ilikuwa Kashai, Bukoba, enzi ambazo nusu ya Kashai bado ilikuwa migomba, na mvua ilikuwa imetunyeshea tangu asubuhi. Ndani ya kipenga cha wakati ule mlikuwa na kipunje kidogo cha kizibo, ndicho kilichozunguka na kutoa mlio. Kikilowa kinavimba na kukwama. Mimi sikujua. Mpira ukatoka, nikapuliza, ukatoka upepo mtupu. Vijana wakaendelea kucheza hadi kwenye shamba la mihogo la watu.

Mwamuzi Mkuu wa Wilaya, aliyenileta kwenye kazi hiyo, aliingia uwanjani na mwavuli wake. Alikuwa mzee mrefu, mkali, mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alinipokonya kipenga, akakikung'uta kwenye kiganja, akakipuliza mara moja tu. Vijana wote wakakaa chini.

"Ndugu," akaniambia sikioni, "kipenga kinakaa mfukoni mwa ndani, karibu na mwili, kisilowe. Na jambo la pili: usipulize kwa ulichoambiwa. Puliza kwa ulichokiona au ulichokisikia wewe mwenyewe. Siku utakayopuliza kwa masikio ya mtu mwingine, uniletee beji niliyokupa."

Nyinyi mnaochezesha leo mna kadi, mna saa mbili mkononi, mna viatu. Sisi tulionya kwa mdomo. Kabla ya mchezo niliwapanga vijana na kuwakagua kucha za miguu, maana kucha ndefu ni kisu. Timu moja ikija na viatu na nyingine peku, wote walivua, ndiyo ilikuwa haki yetu ya kijamaa. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Kuhusu umri, ambaye hakujua mwaka wake tulimwuliza alizaliwa kabla ya Uhuru au baada. Wote walizaliwa baada, hata mwenye ndevu.

Baada ya Kashai nilipangiwa Kagondo. Huko nilikuwa mshika kibendera kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, nikikimbia pembeni mwa uwanja huku akina mama wakinitania kwamba nimetumwa kufukuza kuku. Kisha nikapandishwa na kupelekwa upande wa Muleba. Siku za sikukuu ya Uhuru ndizo zilizotuvunja migongo. Mashindano ya vijana yalianza Ijumaa, tarafa kwa tarafa, na Jumapili washindi walipanda lori kwenda mjini Bukoba kucheza fainali mbele ya wakubwa. Mwamuzi mmoja aliweza kuchezesha tangu umande haujakauka hadi ng'ombe wanarudi, akila ndizi mbili za kuchoma katikati. Ni msimu wa senene huo, wale panzi wanaokamatwa usiku, kwa hiyo kila mtu alikuwa hajalala vizuri, mfukoni ana senene wa kukaanga, na mguuni ana tope.

Jumamosi ile nilikuwa Nshamba, mechi ya nusu fainali. Bosi wangu mpya alikuwa Afisa Utamaduni, ambaye siku hizo ndiye aliyesimamia michezo. Mtu mnene, mcheshi akiwa ameshiba, na alikuwa na kipaza sauti cha mkono ambacho hakukiachia hata akinywa chai. Asubuhi aliniita pembeni.

"Ndugu Mwamuzi, mwaka jana waliniaibisha hapa. Unajua?"

Nilijua. Wilaya nzima ilijua. Timu iliyokuwa inafungwa ilimficha mtu migombani, akapiga enduru. Kwa msomaji asiye wa kwetu, enduru ni ukelele wa kuomba msaada. Ukiusikia unatupa jembe, unaacha chungu mekoni, unakimbilia ulikotoka, iwe ni moto, mwizi au kifo. Asiyeitikia enduru ya jirani, siku yake ikifika atalia peke yake. Basi watu wote walikimbia, hawakukuta kitu, na mechi ikafia hapo. Lori likaondoka bila washindi na wakubwa wa mjini wakamcheka Afisa.

"Safari hii," akasema, "nimeshatangaza. Enduru yoyote wakati wa mchezo ni hila, asiitikie mtu. Mchezo unasimama kwa kipenga chako tu. Wewe usiposikia enduru, haipo. Na ukisimamisha kwa upuuzi, kesho huchezeshi fainali, wala mwakani huchezeshi kitu."

Sikulipenda jambo lile hata kidogo. Kumwambia Mhaya asiitikie enduru ni kumwambia asimzike mzazi wake. Lakini fainali ya Bukoba nilikuwa naiota tangu Kagondo, na mtu mwenye ndoto hunyamaza haraka.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili, ukungu ukapanda kutoka bondeni. Nshamba iko juu, na ukungu wake hauji kama moshi, unakuja kama mtu anayefunga milango mmoja mmoja. Kwanza likapotea kanisa, kisha mibuni, kisha goli la chini. Nilichezesha kwa masikio zaidi ya macho: mguu ukigusa mpira naujua, mguu ukigusa mguu naujua pia. Upande wa pili Afisa alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti chake, nyuma ya mfereji wa maji ya mvua, maana hakutaka watazamaji wamzibe. Nilimwona kwa shida, mara yupo, mara hayupo.

Halafu mpira ukasimama. Hakuna aliyeunyang'anya wala kuutoa. Ulikuwa kwenye nyasi katikati ya vijana, nao hawakuutazama. Walikuwa wamegeuza shingo. Nikatazama watazamaji, nao wamegeuza shingo, ila kila mmoja upande wake, huyu bondeni, huyu kanisani, huyu barabarani.

"Kuna nini?" nikamwuliza mshika kibendera wangu.

"Enduru, Refa. Husikii?"

"Inatoka wapi?"

Akaonyesha kwenye mibuni. Mama aliyesimama karibu naye akaonyesha kanisani. "Ni mwanamume," mama yule akasema. "Maawe, analia vibaya."

Mimi sikusikia kitu. Nakwambia wewe unayesoma, nilikuwa na masikio ya popo siku zile, na nilichosikia ni matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Basi.

Kipaza sauti kikakoroma ndani ya ukungu. "Kaeni! Ni hila hiyo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Ndugu Mwamuzi, endelea na mchezo!"

Hakuna aliyecheza na hakuna aliyekimbia. Mzee mmoja wa kanzu, niliyemfahamu kwa jina la Ta Kalisti, alisogea na fimbo yake hadi kwenye mstari wa majivu. "Refa waitu, bwana wetu," akasema, "tuachie twende. Tutakuja kuwatazamaje watu?" Na golikipa, mtoto aliyeitwa Projesti, akanijia machozi yakimtoka. Hakutoroka golini. Alikuja kuomba ruhusa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kwamba golikipa haondoki bila ruhusa ya mwamuzi.

"Refa, inatoka kwa bibi yangu. Naomba niende."

Nilimtazama mtoto yule nikaona haya. Kipenga kilikuwa kimepata joto mkononi. Nikamkumbuka Mwamuzi Mkuu na mwavuli wake, nikaikumbuka fainali, nikaona vyote vinaondoka. Nikapuliza kwa masikio ya watu wengine. Nikapuliza kwa nguvu.

Watu walitawanyika kila upande kama vifaranga walioona mwewe. Kufumba na kufumbua nimebaki peke yangu na mpira, katikati ya weupe ule. Nilitaka kukimbia na mimi, lakini nikimbilie wapi? Mtu asiyesikia hana upande. Niliogopa sana, siwezi kusema vinginevyo. Nikaona heri niende kwa Afisa nikatukanwe, angalau nisikie sauti ya binadamu.

Kiti kilikuwa kitupu. Nikaita, "Afisa!" Kisha nikasikia kama mtu anayenywa maji kwa pupa, chini, miguuni pangu. Alikuwa ameanguka kifudifudi ndani ya mfereji, uso wote majini, mkono mmoja bado umeshika kipaza sauti. Sijui kama alikuwa ameinuka kunifuata au alianguka hapohapo alipokaa. Nilimvuta kwa mabega nikashindwa, nikaingia mferejini nikamgeuza, nikamtoa tope mdomoni kwa vidole. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa mzito kuliko gunia la kahawa mbichi, na kila nikimwinua alirudi majini.

Ndipo nikapiga enduru. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kuipiga. Ilitoka tumboni, hata sikujua kama nina sauti ya namna ile.

Walirudi mbio kutoka kila upande. Wa kwanza kufika alikuwa Ta Kalisti, mzee wa fimbo, na aliponiona mdomo wazi akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Refa, ndiyo sauti hiyohiyo tuliyoisikia."

Mshika kibendera aliitika kwa kichwa. Projesti naye alifika akihema, akasema bibi yake yuko salama, alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi, akamwuliza ni mwanamume gani anayelia huko uwanjani. Walimbeba Afisa kwa machela ya miti na kanga hadi kwenye lori la fainali, likampeleka hospitali ya misheni. Daktari alisema angechelewa kidogo tu majini, habari ingekuwa nyingine. Fainali ilichezwa siku nyingine, ikachezeshwa na mtu mwingine.

Beji yangu niliipeleka mwenyewe kwa Mwamuzi Mkuu. Nikamweleza yote. Aliigeuza kiganjani, akanirudishia, na tangu siku ile hakuniruhusu tena nimpe shikamoo. Alinipa mkono tu, kama watu wa rika moja.

Nilichezesha miaka mingi baada ya hapo, na fainali za Bukoba nilizipata mpaka nikazichoka. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Afisa alikuja akivuta mguu, mkono wake wa kushoto umekunjwa kifuani. Tulipobaki wawili mezani alinisogelea.

"Refa, siku ile na mimi niliisikia."

"Enduru?"

"Niliisikia kabla ya wote, na nikaijua sauti kwamba ni yako. Ukungu ukafunguka kidogo nikakutazama. Mdomo wako ulikuwa umefumbwa."

Nikamwuliza, "Sasa kwa nini uliniamuru niendelee?"

Akageuza bilauri mezani kwa mkono wake mzima. "Kwa sababu ungesimamisha mchezo," akasema, "ingekuwa kweli."

Yeye amekwishatangulia, na Ta Kalisti pia. Mimi nipo Kashai, kwenye chumba cha nyuma, na waamuzi vijana huja kuniuliza sheria. Nawafundisha kama nilivyofundishwa: pulizeni kwa mlichokiona. Kisha nawaambia, lakini mkiona watu wamegeuza shingo, msisubiri masikio yenu. Huwa wanacheka. Wakishaondoka nakaa kimya, natega sikio, sisikii kitu, na hapo ndipo ninapoingiwa na baridi. Maana huenda wakati huohuo, mahali fulani, watu wamesimama wamegeuza shingo, wananisikia mimi.