Baba Alipokuja Kuukagua Mtaa Wetu

Baba yangu alizeekea Mwadui, kwenye nyumba za mgodi wa almasi, ambako taa ikiungua unakwenda kusema ofisini na fundi anakuja na ngazi. Mama alipofariki nilimwomba aje akae kwangu Kahama, huku Nyahanga pembezoni tulikojenga. Nilikuwa silali nikimfikiria mzee wa watu yuko peke yake anakoroga uji.

"Nakuja kukagua," alisema. "Mtaa ukifaulu nabaki. Ukifeli narudi kwangu."

Alikuja na begi moja jeusi, akaliweka nyuma ya mlango wa chumba chake. Hakupanga nguo kabatini. Alitoa shati, akarudisha shati, akafunga zipu. Kila nikiingia kufagia nalikuta pale pale, na roho inaniuma.

Asubuhi ya kwanza alizunguka mtaa mzima, mikono nyuma, akarudi na vumbi mpaka magotini.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo," nilimwamkia, Kisukuma kwanza.

"Marahaba. Mtaa wenu hauna kivuli. Sifuri."

Jamani, hata chai hajanywa! Akaendelea. Maji ya mvua yanapita katikati ya barabara kwa sababu kila mtu kainua ukuta wake na hakuna aliyeyaachia njia. Taka zinachomwa mlangoni kwa jirani. Kuna ukuta umepandwa vipande vya chupa juu, na ndani kuna kuku watatu. Hapo nilicheka sana, kumbe anatusema sisi.

"Ofisi ya nyumba iko wapi nikaripoti?"

"Hakuna, baba."

"Fundi wa mtaa anapita siku gani?"

"Hapiti."

"Sasa nani anauangalia huu mtaa?"

Nilimwongezea sukari kwenye chai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa, alilichukua mwenyewe. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba ruhusa ya kupanda miti pembeni mwa barabara, na mwenyekiti akaitikia tu ili mzee aondoke. Baba akachonga vigingi, akatafuta kamba, akapima barabara nzima. Kila penye kigingi alichota udongo, akausaga kiganjani, akaunusa, akatikisa kichwa, akasogea mbele. Hakumweleza mtu yeyote. Baba hana tabia ya kujieleza.

Sasa hebu fikiria. Hapa ni Kahama. Majirani zangu karibu wote wameletwa na dhahabu. Halafu wanamwona mzee wa mgodini anavuta kamba na kunusa udongo, kimya kimya! Jirani yetu, mama mwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu, alinifuata gengeni kwangu ninakouza dagaa, na shida yake haikuwa dagaa.

"Dada, mzee anausemaje udongo wa huku?"

Mimi nilikuwa nimeshachoka na huo udongo. "Anasema ni mzuri. Anataka kuchimba kabla mvua hazijaanza."

Aliondoka hata bila kuaga.

Jumapili nilikwenda kanisani na baba. Tuliporudi, weee! Rashi imelipuka, ndivyo wachimbaji wanavyoita zile mbio za kukimbilia dhahabu mpya. Sururu, mabeleshi, mpaka sufuria za jikoni. Kila kigingi cha baba kina shimo, na kati ya kigingi na kigingi kuna mashimo ya wenye tamaa zaidi. Mwenyekiti naye alikuwa ndani ya shimo. Alidai anasimamia usalama, ila suruali alikuwa ameikunja.

Nilitaka ardhi inimeze, na siku hiyo nafasi zilikuwepo nyingi. Nikasema basi, leo begi linabebwa, na mdomo wangu ndio uliomfukuza baba.

Baba aliyapitia mashimo yote, mikono nyuma. Mama wa karasha akauliza kutoka chini:

"Shikamoo, mzee. Tumeukaribia mwamba, au tuongeze?"

"Marahaba. Inatosha. Mwarobaini hautaki shimo refu hivyo."

"Mwarobaini?"

"Mti. Nilikuwa nataka kupanda miti."

Mtu mmoja akaangua kicheko ndani ya shimo, kisha mtaa mzima ukacheka, isipokuwa mwenyekiti. Yeye alifoka kwamba mashimo yafukiwe mara moja kabla watoto hawajatumbukia.

"Hakuna kufukia!" Baba alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama afariki. "Kila mtu apande kwenye shimo lake na amwagilie mwenyewe. Haya ya upande wa bondeni yaunganisheni uwe mtaro, maji yapate njia."

Nani angekataa? Ukikataa, umekiri kwamba ulifuata dhahabu. Kabla wiki haijaisha kila mtu alikuwa anaapa kwamba tangu mwanzo alitoka kwa ajili ya miti.

"Sasa mtaa umepata ngapi, baba?" nilimuuliza.

"Bado. Miche haijashika."

Hakusema anabaki. Nami niliogopa kuuliza.

Siku moja nilirudi mapema kutoka gengeni, nikaingia chumbani kwake kufagia. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Nilitoka mbio barabarani, kanga inaburuta, naita "Baba! Baba!" kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamkuta mwisho wa mtaa, anatoka kwa jirani mfugaji, begi begani, limevimba.

"Unakwenda wapi bila hata kuniaga?" Nilimfokea baba yangu mzazi, machozi yananitoka.

Alilishusha begi, akafungua zipu. Samadi ya ng'ombe, imejaa mpaka juu.

"Ndoo zako ndogo," alisema. "Nguo nimezipanga kabatini. Shika upande huo, mama, tubebe."