Trekta la Veridiana

Veridiana alikuwa mtu asiyekaa. Katika miaka minane ya kuishi Buffalo, Marekani, alihama nyumba mara tano, zote upande ule ule wa magharibi wa jiji, na kila mara alikuwa na sababu: hita inapiga kelele, ngazi ni ndefu, mwenye nyumba anachungulia. Viwanda alibadilisha vitatu. Alikuwa na umri wa miaka minne mama yake alipombeba mgongoni wakikimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Akakulia Congo, akaolewa huko, akakimbia tena mwaka tisini na sita kuvuka ziwa hadi Kigoma, akaishi kambini miaka kumi na miwili na kumzika mume huko. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atulie, ni kama umemtukana.

Kitu ambacho hakuwahi kukiacha ni shamba. Tulikuwa wanawake watano wa kanisa moja, mimi Zita nikiwa mmoja wao, na tulikodi ekari sita kwa Mmarekani mmoja, nusu saa kwa gari kusini mwa jiji. Tulilima maharage, lengalenga, yaani mchicha wa kwetu, mahindi na nyanya chungu, tukauza Jumamosi sokoni na Jumapili nje ya kanisa. Tatizo letu lilikuwa kulimiwa. Jirani mwenye trekta alikuja kwetu baada ya kumaliza mashamba yake yote, na mwaka 2015 alikuja katikati ya Juni. Veridiana hakuweza kumsubiri. Alichukua jembe la mkono, akalima nusu ekari peke yake kwa siku tatu, na siku ya nne hakuweza kuinua mkono wa kulia hata kuchana nywele. Maharage yetu sisi tuliosubiri yalikutwa na jalidi, ule umande unaoganda, yakiwa bado mabichi.

Mwezi wa Novemba, tukiwa tunakunja viti baada ya ibada, alitwambia kwamba atanunua trekta. Hakutuomba ushauri. Alisema akiba anayo, sisi tutachanga mafuta tu, na akaondoka kabla hatujamjibu.

Binti yake Delfina alikuwa akitunza wazee huko Amherst, na njia aliyopita kwenda kazini ilikuwa na duka la matrekta madogo. Siku moja ya Desemba alimpeleka mama yake. Muuzaji, kijana mpole, alizungumza na Delfina muda wote, akamwuliza bustani ya nyasi ya mama ina ukubwa gani. Delfina akatafsiri kwa aibu. Veridiana akamwambia, "Mwambie sina nyasi. Muulize kama linapanda mlima likiwa limebeba mzigo." Kisha akapanda mwenyewe na kukalia kiti. Mguu haukufika kwenye kanyagio. Yule kijana akasogeza kiti mbele hadi kikagota, ndipo ncha ya kiatu ikagusa.

Alirudi pale mara tatu. Mara ya mwisho alikwenda kwa basi, akashuka mahali ambapo basi linaishia, akatembea maili moja kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, theluji ikimfika kwenye kifundo. Akakalia trekta lile lile, akashika usukani, akashuka, akarudi zake. Delfina alimwuliza kwa Kiingereza kwa nini hanunui au haachi. Nyumbani mama yake alikuwa akiinuka katikati ya chakula na kwenda dirishani, kana kwamba kuna mtu amemwita.

Mimi aliniambia sababu baadaye. Alisema kila kitu alichowahi kumiliki, angeweza kukibeba. Trekta lina uzito wa ng'ombe watatu. Ukishalinunua, na siku ya kuondoka ikafika, utalifanyaje?

Kaka yake, Silvano, aliishi Columbus, katika mtaa wa wanafunzi karibu na chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kutunza viwanja vya chuo, na trekta dogo aliliendesha kila siku: kukata nyasi wakati wa joto, kusukuma theluji wakati wa baridi. Aliposikia habari hizi alimpigia simu dada yake akamwambia aache kusumbua wauzaji wa Amherst. Kila Februari kuna maonyesho makubwa ya zana za kilimo kule Louisville. Waende pamoja, aone yote kwa siku moja, amalize. Veridiana akaomba ruhusa kazini, akapanda basi hadi Columbus, na asubuhi ya pili wakaondoka kwa gari la Silvano kuelekea kusini.

Anasema ukumbi wa Louisville ulikuwa kama uwanja wa ndege uliofunikwa. Mashine za kwanza alizoziona zilikuwa na magurudumu yanayompita kimo. Silvano alitembea kwa furaha, akigusa hiki, akiuliza kile, lakini yeye alianza kusikia kichwa kikizunguka. Alipita matrekta madogo ishirini, mekundu, ya kijani, ya bluu, na mwishoni hakukumbuka lipi lilikuwa lipi. Akamwacha kaka yake na muuzaji mmoja, akatoka kutafuta maji.

Mtu aliyemwonyesha maji alikuwa mfanyakazi wa usafi wa ukumbi, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye jina la Paluku kwenye kifua cha shati. Alimsikia akijisemea kwa Kiswahili, akamsalimu. Alitoka upande wa Butembo, Congo, ameishi Louisville miaka sita, na kabla ya kazi ya ukumbi alikuwa kibarua kwenye shamba la tumbaku nje ya mji. Akamwuliza amekuja kutafuta nini, na Veridiana akamweleza.

"Mama, shamba yako iko na mulima?" Paluku akauliza.

Akamwambia ndiyo, nusu yake ni mteremko.

Paluku akaweka ufagio ukutani. Akampeleka hadi kwenye trekta la karibu, akashika upinde wa chuma uliosimama nyuma ya kiti. "Bon. Tractor yenye haina hii chuma, usikamate. Hata bakupatie bure. Patron wetu alikuwa na tractor ya zamani, chuma hakuna. Ilimugeukia ku mulima, ikamulalia. Tulikuwa batu tisa, tulishindwa kuinyanyua." Akageuka kuufuata ufagio wake. "Alikuwa mutu muzuri," akasema, akarudi kazini.

Veridiana hakumweleza Silvano habari hiyo njiani. Alitazama dirishani saa zote tatu na nusu za kurudi Columbus, na Silvano akadhani amechoka. Kumbe kaka mtu naye alikuwa na lake. Kesho yake asubuhi alimpeleka kwa jamaa mmoja kaskazini mwa jiji, aliyemfahamu kupitia kazini, ambaye alikuwa na trekta la kuuza. Lilikuwa limeoshwa, limepakwa rangi, na injini ilikuwa tayari inaunguruma walipofika. Silvano alikwisha kutoa neno kwamba watalichukua. Alikuwa amepanga hata gari la kulisafirisha hadi Buffalo.

Veridiana akazunguka nyuma. Palipotakiwa kuwa na upinde palikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyokatwa kwa msumeno na kupakwa rangi nyeusi. Mwenye trekta akaeleza kwamba gereji yake ina mlango mfupi, ndiyo maana alikata, na kwamba kwa miaka kumi na moja hajauhitaji upinde huo hata siku moja.

"Silichukui," Veridiana akasema.

Silvano alidhani hajasikia vizuri. Akamweleza kwamba bei hii hataipata tena, kwamba yeye ndiye anayeendesha mashine hizi, kwamba amekwisha kumpa mtu neno lake na neno la mzee wa familia si la kurudishwa mbele ya mgeni. Alisema yote haya kwa Kirundi na kwa sauti ya chini, akitabasamu, ili yule jamaa asijue kuwa wanagombana.

"Kaka, nakuheshimu," Veridiana akasema. "Lakini atakayekaa juu yake mlimani ni mimi."

Silvano akamwomba jamaa radhi. Alimpeleka dada yake kituo cha basi, akambebea begi hadi mlangoni, akamuaga vizuri. Baada ya hapo hakupiga simu. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Hao ni ndugu wawili waliobaki katika watoto saba, na tangu waje Marekani hawakuwahi kupitisha Jumapili bila kusikilizana.

Kipindi kile Veridiana alitutia wasiwasi. Kiwandani aliomba kubadilishiwa idara mara mbili. Alianza kuuliza habari za Iowa, ambako watu wetu wengi walikuwa wakienda kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama, na siku moja Delfina alimkuta amekwisha kushusha mapazia na kuyakunja. Machi ikaisha. Jirani wa trekta akatuma ujumbe kwamba mwaka huu huenda asifike kabisa.

Habari iliyobadilisha mambo aliileta Delfina, ambaye hakuwahi kulipenda jambo hili. Mzee mmoja ambaye Delfina alikuwa akimtunza huko Amherst alikuwa na kaka aliyestaafu ualimu, na huyo alikuwa anauza trekta lake kwa kuwa anahamia kwa wanawe. Nguvu farasi ishirini na tano, koleo kubwa la mbele la kuzolea udongo, jembe la kuzungusha la nyuma, magurudumu yote manne yanavuta. Delfina alipiga picha tatu. Katika picha ya pili upinde ulionekana umesimama mzima nyuma ya kiti, na mkanda wa kujifunga ukining'inia.

Veridiana alitazama picha zile jioni nzima. Kisha akampigia Silvano.

Hakuomba radhi, na Silvano hakumdai. Alimwambia tu, "Nimeona moja, lakini chini ya injini sijui kusoma." Silvano akauliza ni siku gani. Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni, baada ya zaidi ya saa tano barabarani, na nguo za kazi kwenye mfuko.

Walipofika Amherst, kitu cha kwanza alichofanya Silvano ni kuweka kiganja juu ya injini kabla ya mtu yeyote kuiwasha. Ilikuwa ya baridi. Akatikisa kichwa kuridhika, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema inaficha ugonjwa wa kuwaka. Akalala chini ya trekta juu ya kipande cha boksi, akatoka na mafuta kwenye paji la uso, akapima oili, akasoma kwenye mita saa ambazo injini imefanya kazi. Kisha akasimama kando. Yule mwalimu mzee akampa ufunguo Veridiana, si Silvano, akamwambia aliendeshe uwanjani kwanza, maana haliuzi kwa mtu ambaye hajamwona juu yake. Veridiana alifunga mkanda. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akainua koleo, akashusha, akaugonga mti mmoja taratibu.

"Hili linunue," Silvano akasema.

Lilifika shambani Jumamosi ya kwanza ya Mei. Sisi wanne tulisimama kando na chupa za chai, na Silvano, aliyekuja tena kutoka Columbus, alikagua mkanda mara mbili. Veridiana alilima bondeni bila shida. Kisha akaelekea mlimani, wima, si kwa ubavu. Nusu ya njia gurudumu la kushoto likaingia mahali penye maji, na trekta likainama. Silvano alianza kukimbia, akasimama. Tulimwona Veridiana akishusha koleo hadi likagusa ardhi, akakaa hivyo, mikono yote miwili kwenye usukani. Halafu akarudi nyuma, polepole, inchi kwa inchi, hadi chini kwenye ukavu. Akazunguka, akapanda mlima kwa upande mwingine.

Hadi saa kumi alikuwa amelima vipande vitatu, na Jumapili baada ya ibada akaendelea na cha Laurentine, mmoja wetu, aliyeamka mgonjwa siku hiyo. Silvano alipitia shambani kuaga. Veridiana akasimama mwisho wa mstari bila kuzima injini, ikabidi kaka yake apaze sauti kumwuliza sasa anapanga nini.

"Mwenye shamba anatukodisha mwaka mmoja mmoja," akajibu. "Kesho nakwenda kumwomba mitano."

"Akikataa?"

"Nitatafuta mwingine."

Mwenye shamba alitoa mitatu. Veridiana alisaini karatasi ile jikoni kwa yule Mmarekani, amesimama, hakutaka kiti. Tulipomwuliza imekuwaje, alitwambia miaka mitatu kwa sauti ya mtu aliyepewa habari asiyojua kama ni njema, akapanda trekta, akarudi kazini.