Jino la Mama Félicité

Kule Eldoret, Cherono alikwangua ukoga, akachoma sindano za ganzi na kung'oa meno yaliyolegea kwa miaka mitatu. Hapa Durban sheria ilimtambua kuwa msaidizi tu: apange vyombo, afyonze mate kwa mrija wa mashine, afute wagonjwa videvu. Mengine yote yangengoja mtihani wa baraza la taaluma, na barua ya kumruhusu kuufanya ilikuwa bado haijatoka. Lalamiko moja lingetosha kuizuia.

Ijumaa, daktari mwenye kliniki akiwa amekwama kwenye foleni ya magari Queensburgh, Mama Félicité aliketi kitini na kupanua kinywa. Alikuwa msusi Mkongomani wa mtaa wa Cato Manor, na yeye na Cherono walisali kanisa moja. Jino lake la chini lilining'inia kama mlango uliokosa bawaba.

"Docta, unitolee tu."

"Mimi si daktari, mama. Siruhusiwi."

"Mikono uko nayo. Koleo iko pale."

"Ruhusa ndiyo haipo."

"Eish. Sheria nayo inaogopa jino ya mwanamuke muzee?"

Kabla Cherono hajajibu, Félicité alizungushia jino leso, akalivuta mwenyewe. Likatoka kama punje ya hindi bichi. Cherono alimpa pamba ya kuuma, jambo ambalo hakuna sheria iliyolikataza, na daktari alipofika akamweleza yote.

Jumapili ukawadia wakati wa ushuhuda. Ibada yao hurushwa mubashara mtandaoni, na yeyote angeweza kuitazama, hata mtu wa baraza. Félicité alishika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Dada Cherono alinitoa jino, sikusikia hata maumivu. Tuko na docta wetu humu ndani."

Makofi yakavuma. Cherono, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kusema neno mbele ya kanisa, alipita katikati ya viti na kuomba kipaza sauti.

"Sikumng'oa mama jino. Alilitoa mwenyewe. Kazi yangu ni kupanga vyombo."

"Amina," akaitikia Mzee Ladislas kutoka mstari wa mbele. "Muone unyenyekevu."

"Si unyenyekevu, baba. Ni sheria."

"Amina," likaitikia kanisa zima.

Cherono alivuta pumzi, akamgeukia Félicité. "Mama, mkono wa nani uliishika ile leso?"

"Wangu. Lakini weye ulikuwa pale, roho yangu ikatulia."

"Neno la kwanza tu, mama. Lirudie hapa, karibu na kipaza sauti."

"Wangu," akasema Félicité, akishangaa.

Cherono alirudisha kipaza sauti, akarudi kukaa.

Ibada ilipokwisha, Mzee Ladislas alimngoja mlangoni, kidole kimeshavuta shavu ili gego lionekane.

"Nimesikia, binti yangu. Haukumutolea. Basi hili langu, siku gani utakuja kutokulitoa?"

"Njoo kliniki kesho saa tatu, baba," alisema Cherono. "Daktari atakuwepo."