Ngitili ya Anatoli

Kazimili wa Bisibo, Biharamulo, haumwi chochote isipokuwa wivu, na wivu huo una anwani: ngitili ya jirani yake Anatoli.

Ngitili ni desturi ya kwao Kazimili, Shinyanga. Mvua zikianza, familia hutenga eneo la malisho. Hachungi mtu, haukatwi mti, mpaka kiangazi kikaze ndipo ng'ombe waingizwe. Kazimili alipohamia Biharamulo na kundi lake aliona misitu haina mwisho, akasema ngitili ni shida za wenye ardhi finyu. Miti akaichoma mkaa, palipobaki akalima mahindi. Mkaa ulimwezekea nyumba bati na kumsomesha binti mpaka akawa mwalimu, hilo tusimnyime. Lakini siku moja, kwa majigambo tu, alimsimulia Anatoli, Msubi kijana, mwenyeji wa hapo, mwenye mbuzi watatu, jinsi baba yake alivyokuwa akitenga malisho. Anatoli alisikiliza, akaenda akatenga. Kinyozi hajinyoi.

Miaka tisa imepita. Septemba hii kwa Kazimili ni vumbi na visiki. Kwa Anatoli nyasi zinafika kiunoni, mizinga ina asali, na kijito bado kina maji. Kazimili akipita hapo hugeuza uso.

"Ana bahati tu yule."

"Bahati gani, baba Magdalena? Si wewe uliyemfundisha?" hujibu mkewe, Recho, na hapo ndipo panapomuuma.

Ng'ombe wawili walipokufa ndani ya juma moja, Recho alimsukuma akaombe malisho. Alikwenda, fimbo mkononi, shingo ngumu.

"Shikamoo, mzee," Anatoli alimwahi.

"Marahaba. Nimekuja kukagua kama ulifuata utaratibu."

"Kagua, mzee wangu. Na ng'ombe walete, nafasi ipo."

Kazimili hakushukuru. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Ule upole aliuchukia kuliko nyasi zenyewe.

Ng'ombe waliingia asubuhi iliyofuata. Jioni alisimama kwenye uzio akapiga mluzi, ule ambao fahali wake mwekundu aliufuata tangu akiwa ndama. Fahali aliinua kichwa, akamtazama, akainama kuendelea kula. Akapiga tena, na tena. Hakusogea hata mmoja.

"Waache wabaki mpaka mvua," Anatoli alisema.

Kazimili alirudi peke yake. Recho alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, akauliza ng'ombe wako wapi.

"Wako kwao," alisema.