Kura Niliyoiacha Mkebeni Jumatano

Nakumbuka Jumatano moja kule Kachibora, miaka ya themanini, nilipokuwa na haraka ya kijana aliyependa. Mwanangu, usicheke. Mama yako alikuwa akisomea kilimo Mabanga, karibu na Bungoma, na Jumamosi ya wiki hiyo wageni waliruhusiwa. Jumamosi hiyo hiyo wakulima wetu walikuwa wanachagua mwenyekiti wa josho, pale tulipoogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Mwenye safari aliruhusiwa kuacha kura yake mapema kwa karani, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kifuniko.

Wagombea walikuwa wawili: Mama Chebet, mjane asiye na maneno mengi, na Mwalimu Simiyu, aliyevaa tai hata sokoni. Nilimpenda Mwalimu kwa Kiswahili chake. Nikaandika jina lake, nikatumbukiza karatasi, nikaenda kupiga pasi suruali.

Mabanga palipendeza, hilo sikatai. Tulitembea kando ya mahindi tukitafuna miwa, na hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa, moyo unarudi kule.

Jumapili jioni niliporudi nilimkuta mama yangu akikamua. Akanieleza kwamba mkutanoni wagombea waliulizwa dawa ya josho huchanganywa vipi. Mama Chebet alieleza hatua kwa hatua. Mwalimu akacheka: "Si kuna vijana wa kumwaga dawa, bana? Mimi nitaongoza." Wengi waliokuja kumpigia kura wakamhama papo hapo. Hata hivyo alishinda, kwa kura moja.

Nilikimbia kwa karani.

"Wafula, hata ukilia," akasema, "karatasi imeshahesabiwa."

Mvua zilipokuja, dawa ya josho ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Ng'ombe wa mama, yule mwekundu aliyetulea kwa maziwa yake, alivimba matezi chini ya masikio, akafa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Mama alikaa kando yake, kamba bado mkononi.

"Jumatano ulikuwa unajua nini, Wafula?" aliniuliza.

Swali hilo bado linaniuma.

Sasa nawe unataka kumwachia karani wa chama chenu kura yako, ili uwahi safari ya Kitale. Kuna anayeuguza mgonjwa, kuna aliye zamu kazini. Huyo apige mapema, asinyimwe haki yake. Lakini kama ni haraka tu, mwanangu, ngoja siku yenyewe. Siku za mwisho ndipo mgombea hujulikana, na karatasi iliyo mkebeni haiwezi kusikia wala kubadili nia. Mama yako angeningoja wiki moja zaidi. Ameniambia mwenyewe, mara nyingi.

Mungu akupe subira ya kusikiliza hadi neno la mwisho, na ng'ombe wako warudi wote nyumbani jioni.