Mabibi wawili na kichanga kinachokufa: nilivyoujua Uislamu Goma, miaka ya hamsini

Wakuu, amani iwe kwenu.

Juzi kuna kijana kauliza humu Uislamu ni nini hasa, akajibiwa kwa aya na matusi. Mimi ni mwanamke mzee, nachapa kwa kidole kimoja. Nasimulia yaliyonipata, chumvi sitii.

Nilizaliwa Butembo kwa Wanande Wakatoliki. Enzi ya Mbelgiji nikaolewa Goma na fundi cherehani Mwislamu, asili yake Kasongo. Tumwite Ramazani. Tulikaa mtaa wa Murara, nyumba ya udongo juu ya mawe meusi ya volkano.

Dini nilifundishwa na mama yake, Mama Zaina, tukichambua maharage.

Tulianza na shahada: hapana mungu ila Allah, na Muhammad ni mtume wake. Nilipoitamka nilidhani kutakuwa na sherehe. Akasema, "Basi, umekuwa Mwislamu. Leta ungo."

Ikafuata sala. Kutawadha kwa maji ya baridi, kuelekea Makka, mara tano kwa siku. Kisha saumu ya Ramadhani, na zaka kwa mwenye nacho. Hija aliicheka mwenyewe: "Sisi hata kutoka Goma tunaomba karatasi kwa Muzungu. Mungu haulizi mutu jambo asiloliweza."

Akanieleza malaika, vitabu, mitume. Nilifurahi kumkuta Yesu humo, wao wanamwita Isa, na mama yake Mariamu. Ila kwao ni mtume, si mwana wa Mungu. Hapo nikarudi kuchambua maharage.

Mwisho Siku ya Kiyama, na kadari: heri na shari zote zinatoka kwa Mungu. Hiyo niliiitikia kwa mdomo tu. Nilikuwa sijafiwa bado.

Mimba yangu ya kwanza, mama yangu mzazi akaja na kamyo, lori la mizigo, kutoka Butembo kunisaidia. Ramazani alikuwa Rutshuru, amepeleka nguo sokoni. Mtoto akawahi kuja, kabla ya miezi yake. Wa kiume, mdogo mno.

Muzee mmoja jirani akaitwa, akamwadhinia sikioni. Mama yangu akatazama, akatoka nje.

Kesho yake mtoto akakataa ziwa. Midomo ikaanza kugeuka rangi.

Mama akaingia na kikombe cha maji. Kwa Wakatoliki, mtoto akiwa anakufa na padri hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza.

"Masika," akaniita jina langu la kwetu, "mutoto anaenda. Uniache nimumwangie maji kidogo tu. Asipobatizwa atabaki inje ya mbingu. Ni damu yangu huyu."

Mama Zaina alikuwa amekaa miguuni pangu. Hakupandisha sauti. "Mama mwenzangu, mutoto anazaliwa safi. Hana zambi ya kuosha. Akienda, anaenda kwa Mungu moja kwa moja."

"Na kama munakosea?"

"Mama yake ndiye atasema," Mama Zaina akajibu. Wote wawili wakanigeukia.

Wakuu, naomba hapa pasigeuzwe ulingo wa mabishano ya dini. Mama hakuja kushindana na mtu. Alikisahau kikombe mkononi, maji yakamwagikia kitenge chake. Alimwona mjukuu wake anaachwa mlangoni peke yake, kwenye giza, milele. Ndivyo alivyofundishwa, na mimi pia nilifundishwa hivyo.

Nikasema, "Mama, hapana."

Akasimama kidogo kama hakusikia. Kisha akatoka, akayamwaga yale maji nje, juu ya mawe.

Mtoto alikata roho kabla ya adhuhuri. Mama Zaina akasema: sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Akaniuliza jina. Nikasema Isa. Nilitaka jina ambalo hata Mama angelifahamu.

Akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akamfunga kitambaa cheupe. Wanaume wakaja uani wakamsalia. Sala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu. Wanasimama tu, takbira nne za kumtukuza Mungu, wamekwisha. Niliwaangalia nikiwa mlangoni. Sikuamini kwamba inaisha haraka hivyo.

Kaburi lilichimbwa kwenye mwamba. Walirudi viganja vimechubuka.

Mama alikuwa kwenye baraza na rozari yake, uso umeelekea ukutani. Alfajiri akafunga mzigo. Nikamwomba msamaha.

"Sikukasirikii," akasema. "Lakini sitalala tena."

Ramazani aliporudi alikuta kaburi. Akauliza jina, nikamtajia. Akaenda kutawadha.

Baadaye nilijifungua msichana, akaishi. Mama alikuja. Akabaki ndani wakati mtoto anaadhiniwa, hakushika kikombe chochote. Yule wa kwanza hatukumtaja siku hiyo, wala siku nyingine, mpaka Mama akafa.

Kijana uliyeuliza: nguzo za Uislamu utazijua mapema, si ngumu. Kadari ndiyo niliyojifunza kwa kuzika. Nilichokiamini siku ile bado nakiamini, kwamba mwanangu yuko kwa Mola wake. Ila kuwa na imani hakukunifutia uso wa Mama alipotoka na kikombe chake. Ukibishana dini na mtu, chunguza kwanza anamlilia nani.

Mliolelewa nyumba ya dini mbili, wafu wenu mliwazikaje, na nani hakuja? Andikeni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.