Sura Ambazo Sikuzisoma

Mtaani wananiita Fundi Kesho, na sikatai. Sisi mafundi cherehani karibu wote tuna ugonjwa huo: nguo ya mtu iko kwenye mfuko haijaguswa, na wewe unamwambia kwa uso mkavu, "Imebaki vifungo tu, njoo kesho." Miaka ishirini na mbili nimewadanganya wateja na nikalala usingizi mzuri. Uongo ulioninyima usingizi ni mwingine.

Kanisani mchungaji alitupanga wawili wawili, anayejua kusoma na asiyejua, tusome Biblia sura moja kila siku mpaka mwaka uishe. Mimi, mzee wa kanisa mzima, nikapewa Mama Povu, yule anayefulia watu nguo nyuma ya jengo letu. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kila asubuhi kabla ya kuloweka nguo alikuja kibandani kwangu, akajifuta mikono kwenye gauni, akakaa kwenye kigoda. Mimi nasoma, yeye amefumba macho anatikisa kichwa.

Miezi mitatu nilisoma kweli. Kisha ukaingia msimu wa sare za shule. Sketi thelathini zinangoja marinda, wazazi wamejaa mlangoni wamenitolea macho. Mama Povu akauliza, "Leo Neno linasema nini, fundi?" Nami, mguu uko kwenye pedali, nikamjibu bila kufungua kitabu, "Linasema tuwe wavumilivu." Akashukuru, akaenda zake. Kumbe inawezekana! Na mchovya asali hachovyi mara moja. Sare ziliisha, zikaja nguo za harusi, na mimi nikawa nasoma siku nikipata nafasi, nisipopata natunga. Jumapili moja nilisimama mbele ya watu nikaripoti kwamba hatujaruka hata sura moja. Wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa kwa aibu, wao wakadhani ni unyenyekevu.

Siku moja Mama Povu alikuja mapema, wala hakukaa.

"Fundi, leo nalihitaji sana hilo Neno." Yeye na dada yake walikuwa hawasemeshani mwaka wa nne sasa, kwa ugomvi wa nyumba ya marehemu mama yao. Dada alikuwa amemtuma mtu na ujumbe: naumwa, njoo tupatane. "Moyo unaniambia nenda, halafu unaniambia bado. Linasemaje?"

Sindano ilikuwa imenivunjikia ndani ya kola ya shati, na mwenye shati alilitaka saa nne. Sikuinua hata macho.

"Linasema usikimbilie jambo, mama. Anayekimbilia hukosa baraka."

Haraka haraka haina baraka! Methali anayoijua hata mtoto wa chekechea, nikaivika joho la nabii.

"Amina," akasema. "Basi nitangoja kwanza."

Dada yake alifariki siku ya tisa.

Nilienda msibani na wazee wenzangu. Nilitamani anitukane. Badala yake alinishika mikono kwa ile mikono yake iliyochubuliwa na sabuni, akasema, "Nilitaka kwenda, fundi, ila Neno lilinizuia. Mungu ana sababu zake. Hilo tu ndilo linalonishikilia."

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Akasema, "Ukimwambia, utamnyang'anya hata hicho alichobaki nacho."

"Nisipomwambia?"

"Basi utaendelea kuwa mungu wake."

Wiki iliyofuata nilimkuta uani anasuuza mashuka. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningetafuta maneno mazuri, na maneno mazuri ndiyo yaliyonifikisha pale. Akaliachia shuka likazama kwenye beseni.

"Kwa hiyo siku ile hukufungua kitabu?"

"Sikufungua."

"Lilikuwa neno lako."

"Langu, mama. Nisamehe."

Nilingoja anirushie maji machafu; yangenifaa. Hakulia wala hakupaza sauti. Alikaa ukingoni mwa karo la kufulia, akafikiri.

"Na lile la kumpokea binti yangu alipotoroka kwa mumewe? Lile je?"

Niliinama nikalitoa lile shuka kwenye beseni.

"Lile la kuacha kumlaani baba wa wanangu? Nilijikaza wiki nzima ndipo nikaweza, fundi. Lile nalo ulilitunga?"

Nilijitahidi kuzikumbuka asubuhi zile. Niliona marinda, vifungo, uzi unaokatika, na yeye amefumba macho.

"Mwaka mzima nimeishi kwa hayo," akasema. "Basi nitenganishie. Yapi ni ya Mungu, na yapi ni yako?"

"Sikumbuki," nilimwambia, na huo ulikuwa ukweli.